Mlango Mfupi wa Onyiego

Kila Ijumaa alasiri, kabla Sabato haijaingia, Mokeira alichukua kijinga cha moto jikoni kwake, akavuka ua, akaenda kuwasha moto katika nyumba ya mtu asiyekuwepo. Huu ulikuwa mwaka wa nane akifanya hivyo. Kijiji chote, huko mlimani juu ya mji wa Nyamira, kilikuwa kimeshazoea kuona moshi ukipenya kwenye lile paa la nyasi, na kilikuwa kimeshamaliza kusema yote yaliyoweza kusemwa. Wengine walisema amerogwa. Wengine, wale wenye adabu kidogo, walisema ni uchungu tu, mwacheni. Hakuna hata mmoja aliyewahi kwenda kumsaidia kupasua kuni, kwa hiyo mimi maneno yao siyahesabu.

Na sababu alikuwa nayo. Nyumba ya nyasi isipopata moshi huoza, wadudu wakaingia, na siku moja ya mvua ukaamka ukakuta paa liko chini. Nyumba hiyo ilikuwa esaiga ya Onyiego, kifungua mimba wake. Esaiga ni kile kijumba cha udongo ambacho kijana wa Kikisii hujengewa akishatoka jandoni, alale humo kama mwanamume hadi siku atakapooa. Onyiego hakuoa. Alikwenda jeshini, jeshi likampeleka Somalia, na Somalia haikumrudisha. Lakini hakuna mtu aliyemwona amekufa, na Mokeira alishajiambia kwamba siku mwanawe atakaporudi, hatamkuta paa limeanguka.

Mlango wa esaiga hiyo ulikuwa mfupi, na hapo pana kisa. Marehemu Ochoki, mumewe Mokeira, alikuwa mtu mfupi, wa kufika begani mwa mkewe, na alipomjengea mwanawe nyumba alipima mlango kwa kichwa chake mwenyewe. Wakati huo Onyiego alikuwa mtoto, alipita humo hata bila kufikiri. Kisha akaanza kurefuka. Alifuata upande wa wajomba zake, watu wa miguu mirefu kama korongo, na kila likizo ya shule suruali yake ilikuwa imepanda juu kidogo. Ochoki akacheka, akasema akimaliza kupalilia chai ataubomoa mlango ule auinue. Hakumaliza. Alishikwa na kifua msimu wa mvua, na kabla mvua haijakatika walikuwa wamemzika.

Baada ya hapo nani angeugusa mlango ule? Mokeira alimwambia Onyiego amwite fundi. Onyiego akakataa. "Huu ni mlango wa baba," alisema. "Mimi ndiye nitakayeinama."

Maneno mazuri, ila alikuwa akiyasahau kila jioni. Alikuwa mtu wa haraka, kichwa kikiwaza mambo mengine, na boriti ya mlango ilimgonga kipaji cha uso mara nyingi hata akapata alama isiyofutika. Mokeira akajizoesha. Akiwa jikoni, akisikia hatua zake uani, alipaza sauti tu bila kuinua macho kwenye chungu, "Inama." Asubuhi "Inama", jioni "Inama". Ungepita njia ya chini pale bila kujua, ungedhani mama huyo anafundisha watu kusali.

Alipomaliza kidato cha nne karo ya kuendelea haikuwepo, na Onyiego akashuka Kisii mjini kubeba mikungu ya ndizi sokoni, akiipakia kwenye malori ya Nairobi. Alifanya kazi hiyo hadi shingo ikanenepa. Kisha jeshi likaja kuandikisha vijana pale uwanjani Nyamira. Alikimbia peku, akawaacha wenye viatu, na afisa wa kumpima urefu alilazimika kusimama juu ya kiti. Akarudi nyumbani akiwa na furaha ya kutapakaa uso mzima. Mokeira hakucheka wala hakulia. Alichinja kuku, akasonga ugali wa wimbi, akakaa kumtazama akila, na moyoni akawa anamwambia Ochoki kwamba mtoto wao amepata kazi.

Likizo ya mwisho, kabla ya kupelekwa Somalia, Onyiego alichimba mashimo nyuma ya esaiga yake akapanda machipukizi ya migomba. Aliyashindilia kwa mguu, akajifuta jasho, akamwambia mamake, "Mkungu wa kwanza usiukate, Mama. Nitakuja kuukata mwenyewe." Kisha akaingia ndani kuchukua begi lake, akagonga kichwa, na hilo ndilo jambo la mwisho ambalo Mokeira alimwona akifanya katika boma lile. Siku hiyo alikuwa amesahau kumwambia ainame.

Habari aliisikia redioni, akiwa shambani na kikapu cha majani ya chai mgongoni. Kambi imevamiwa alfajiri. Baadaye wakaja watu wawili wa jeshi, wapole, wakaketi kwenye kochi lake na kofia zao magotini. Walisema Onyiego alikuwa kambini siku ile, na hawajampata, si katika walio hai wala katika waliokufa. Familia nyingine zilirudishiwa watu wao kwenye masanduku yenye bendera, wakapigiwa risasi za heshima. Mokeira hakurudishiwa hata kiatu. Majirani walikuja na turubai na viti, wakaanza kukoka moto wa matanga, naye akatoka akawauliza wanamlilia nani. Akasimama pale uani hadi wakavikunja viti vyao wakaenda.

Kwa hiyo aliwasha moto kila Ijumaa, na migomba nyuma ya nyumba hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Ilizaa. Mikungu ikaiva ikiwa juu, ndege wakala, migomba ikalemewa ikaanguka yenyewe, na mingine ikachipuka pale pale. Katika nchi ya ndizi kama ile, ambako mtoto anayeanza kutembea anajua mkungu uliokomaa, kuacha ndizi zioze mtini ni wazimu, tusidanganyane. Lakini kwa hesabu ya Mokeira mkungu wa kwanza ulikuwa haujakatwa bado, na mwenye kuukata alikuwa njiani.

Mambo yangeweza kukaa hivyo hadi mwenyewe azeeke. Ila alikuwa na mwana mwingine.

Ombui alikuwa mdogo wa Onyiego, fundi wa stima huko Kisii mjini, mfupi kama baba yake na mkimya kama baba yake. Alikuwa amepanga chumba mtaa wa Nyanchwa pale mjini, na alikuwa amepata msichana, Marion, muuzaji katika duka la sare za shule. Marion sasa alikuwa na mimba. Wazazi wake walitaka mambo yaende kwa utaratibu, wazee wakae, ng'ombe wazungumziwe, binti yao apokewe katika boma la watu kabla mtoto hajazaliwa. Na hapo ndipo palipokwama. Kwa desturi ya pale, mdogo haleti mke nyumbani akiwa kaka yake hajaoa, ila kaka huyo awe amekufa na kaburi lake lionekane. Onyiego hakuwa ameoa na hakuwa na kaburi. Alikuwa na moshi tu.

Nyangate, mdogo wake marehemu Ochoki, ndiye aliyekuja kulisema jambo lenyewe, Ombui akiwa ameketi kando yake akitazama sakafu.

"Shemeji," Nyangate alisema, "mtu akipotea tusipate mwili, wazee wetu walikuwa wakikata mgomba, wakaufunga nguo, wakauzika mahali pake. Kaburi likiwepo, njia inafunguka. Kijana aoe."

"Nyangate," Mokeira akamjibu, "migomba nimeipanda na nimeikata maisha yangu yote. Sijawahi kuuzaa hata mmoja."

Nyangate aliyeyuka pale kitini. Lakini Ombui akainua uso, na yaliyotoka yalikuwa yamekaa ndani muda mrefu. "Kila Ijumaa unamwashia moto mtu ambaye hayupo. Mimi nikija hapa hata huulizi nimefikaje. Mwanangu atazaliwa Nyanchwa kama mtoto wa watu wasio na kwao. Mama, mimi ndiye niliye hai."

Hapo Mokeira angeweza kusema mambo mengi mazuri. Alichagua lililo baya kuliko yote. "Onyiego hangenisemesha hivyo," alisema.

Ombui akachukua koti lake, akainama mlangoni, akatoka. Alisema angali uani kwamba akishatoka hivi, basi, atajenga maisha yake huko huko, na wasimtarajie.

Akatimiza. Wiki zikapita. Simu ya Mokeira ilikaa mezani imenyamaza, naye akawa anaipangusa vumbi kama kikombe cha wageni. Alikwenda kanisani akarudi. Alikwenda kuchuma chai, akapeleka majani kituoni kupimwa, akarudi. Mkono wake ulikuwa umezoea kusonga ugali wa watu watatu na haukutaka kujifunza, kwa hiyo kila siku alikula kidogo na kingi akawapa kuku. Kama kuna upweke wa mtu aliyefiwa, na upweke wa mtu ambaye mtoto wake amepotea, huu ulikuwa wa tatu, nao ulikuwa mbaya zaidi kwa sababu huu alijitafutia mwenyewe na alijua. Mji wa Kisii hauko mbali. Angeweza kwenda. Lakini kwenda ilikuwa ni kukubali, na kukubali ilikuwa ni kumuua Onyiego kwa mkono wake, na hilo mama gani analiweza? Akaketi katika esaiga kila Ijumaa, macho yakiwasha kwa moshi, akijiambia kwamba ni moshi.

Ijumaa moja, akiwa ameshika kuni mikononi na mvua ikianza, pikipiki iliingia uani. Akashuka msichana aliyejifunika kanga kichwani, na tumbo lake lilimtangulia. Mokeira alimtambua kwa picha aliyowahi kuonyeshwa. Kwa kawaida msichana hafiki hivyo kwa mama mkwe ambaye hajampokea. Marion alilijua hilo vizuri, na alionekana amelijua njia nzima.

"Ingia humu, utalowa," Mokeira akasema, na kwa kuwa esaiga ndiyo iliyokuwa karibu, wakaingia esaiga.

Marion alisalimia kwa heshima, akaketi kwenye kigoda karibu na moto, akainyoosha miguu yake iliyovimba. Alisema Ombui hajui kama amekuja. Mokeira alidhani sasa atalilia ndoa, na alikuwa ameshatayarisha jibu. Lakini Marion alikuwa akiutazama mlango.

"Mama, naomba kukuuliza kitu kimoja tu, halafu niende. Ombui kwa nini huwa anainama?"

"Anainama wapi?"

"Kila mahali. Chumba chetu cha Nyanchwa mlango wake ungepitisha kabati limesimama, lakini yeye lazima ainame. Kanisani, anainama. Dukani kwetu, anainama. Mafundi wenzake wanamcheka, kwa sababu, Mama, unisamehe, yeye si mrefu. Nikimwuliza anasema hajui, ni mazoea tu. Sasa nimeuona mlango huu, lakini hata huu yeye angepita wima."

Mokeira naye aliugeukia mlango. Kisha akacheka, kicheko kifupi kilichomshtua mwenyewe kwa kuwa hakukumbuka ni lini alicheka mara ya mwisho. Alikiona tena kitoto kile, Ombui, kikimfuata kaka yake kila aendako, kaka akibeba ndoo naye anabeba ndoo, kaka akipiga mluzi naye anapiga mluzi. Wakivuka ua jioni, Mokeira jikoni alipaza sauti ile moja, "Inama." Mkubwa alikuwa hasikii. Nyuma yake mdogo, ambaye boriti ile isingemfikia hata akiruka, alikuwa akiinamisha kichwa kwa utiifu wote wa moyo wake, kwa sababu mama amesema. Na hajaacha. Kwa miaka yote hiyo Mokeira alikuwa akimwita mmoja, na aliyekuwa akiitika ni yule mwingine.

Kicheko kikageuka, na safari hii hakuusingizia moshi. Alilia na kuni zikiwa bado mapajani. Marion akamshika mkono.

Mvua ilipopungua Mokeira alijifuta uso kwa upindo wa leso. "Mwambie Ombui aje Jumapili," alisema. "Aje na baba yake mdogo. Waje na majembe."

Walikuja, pamoja na wanaume wengine wachache wa ukoo. Mzee wa kanisa, Omosa, alikuwa ameshamwambia Mokeira waziwazi kwamba kanisa haliwezi kuombea mgomba, na Mokeira akamwambia aje awaombee walio hai, maana nao wamechoka. Akaja, akaketi nyuma. Marion hakuja. Wanawake wa kijiji walisema mwenye mimba asisogelee kaburi.

Nyangate na wenzake walikuwa wamefika na mgomba wao tayari, wameukata shambani kwa Nyangate, wameulaza kwenye nyasi. Mokeira akatoka, akausimamia, akautazama kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Huyu ni nani?" akauliza.

"Shemeji, ni mgomba."

"Naona. Lakini huyu ni mfupi. Huyu ni kama Ombui."

Wanaume wakatazamana. Mmoja akanong'ona kwamba mgomba hauna urefu maalumu, mwingine akasema kaburi limeshachimbwa kwa kipimo cha huo. "Chimbeni tena," Mokeira akasema, kwa upole, kama anayemwambia mtu aongeze maji kwenye chai. Kisha akachukua panga kutoka mkononi mwa Nyangate, akazunguka nyuma ya esaiga.

Walimkuta amesimama mbele ya ule mrefu kuliko yote, na mkungu wake umekomaa. Ombui alisogea kumpokea panga, lakini mama akamkatalia. Alianza na mkungu. Ulikatika ukamwangukia begani, mzito, akautua chini polepole. "Huu ni wa kwanza," akasema. "Wapikieni watu. Chane mbili wekeni, Ombui atampelekea Marion." Halafu akaukata mgomba wenyewe karibu na ardhi, pigo baada ya pigo, maji yake yakimrukia usoni na kwenye gauni, na hakuna aliyethubutu kusema kwamba madoa ya mgomba hayatoki. Alipomaliza alishindwa kunyanyuka. Ombui akaketi chini kando yake kwenye majani makavu, wakakaa hivyo, mama na mwanawe, hadi pumzi yake iliporudi.

"Nilisahau kumwambia siku ile," Mokeira akasema.

"Najua, Mama. Nilikuwepo. Nilisikia kichwa chake kikigonga."

Wakausimamisha mgomba mlangoni mwa esaiga kuupima. Ulipita boriti kwa upana wa kiganja kizima. "Ndiye," Mokeira akasema. Wakaufunga katika blanketi lake Onyiego, lile aliloliacha limekunjwa kitandani, wakaulaza ndani ya esaiga mahali alipokuwa akilala, ili atoke nyumbani kwake kama watu wengine wanavyotoka. Omosa akaomba sala fupi, akawataja Mokeira na Ombui na mtoto atakayezaliwa.

Kisha wanaume wakaunyanyua mabegani, Ombui akiwa mbele. Walikuwa na haraka kidogo, maana mawingu yalikuwa yamejikusanya upande wa Keroka. Mokeira alikuwa amesimama nje, mgongo umegusa ukuta wa jikoni, mahali pake pa siku zote. Aliona kichwa cha blanketi kikiukaribia mlango, kikiwa juu, juu mno, na neno likamtoka kabla hajalifikiria.

"Inama."

Ombui akainama. Akainama hadi magoti yakakaribia ardhi, na wote waliokuwa nyuma yake wakalazimika kuinama pamoja naye, na kwa mara ya kwanza tangu arefuke, Onyiego akapita katika mlango wa baba yake bila kugonga kichwa.